Daftari Kando ya Biblia: Mwongozo kwa Mkristo Aliyeko Pemba

Mnamo Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri iliyouondolea utumwa uhalali wake wa kisheria Unguja na Pemba. Mwaka huo huo Waingereza wawili, Theodore Burtt na Herbert Armitage, waliingia kwenye shamba la karafuu la Banani, si mbali na Chake Chake, wakaanzisha misheni ambamo watu waliotoka utumwani wangefanya kazi kwa ujira. Walikuwa wa Jamii ya Marafiki, kanisa ambalo dunia inalijua zaidi kwa jina la Quaker. Mwaka uliofuata mwenzao, Henry Stanley Newman, alichapisha Uingereza kitabu kilichobeba jina la shamba hilo.

Habari za Banani zinazosimuliwa ni za ardhi, mikarafuu na ujira. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba wageni hao walilelewa katika kanisa ambalo kuandika shajara ya safari ya imani ni desturi ya tangu mwanzo. Shajara ya George Fox, mwanzilishi wao, ilichapishwa 1694, miaka michache baada ya kifo chake. Lakini anayetufaa zaidi sisi ni John Woolman, fundi cherehani wa New Jersey, Marekani. Alipokuwa kijana akifanya kazi ya karani dukani, tajiri wake alimwagiza aandike hati ya kumuuza mwanamke Mwafrika. Akaiandika, ila akatamka mbele ya tajiri na mnunuzi kwamba kufuga watumwa hakupatani na dini ya Kikristo. Moyo haukutulia. Baadaye mtu mwingine alipomletea kazi ya namna ile ile, alikataa.

Mwaka 1756 Woolman, akiwa katika mwaka wa 36 wa umri wake, alianza kuandika shajara yake, na kisa cha ile hati akakiweka ndani bila kujisafisha. Kisha akatembea mwaka baada ya mwaka, nyumba kwa nyumba, akiwaomba Marafiki wenzake wawaachie watumwa wao. Alikufa kwa ndui mjini York, Uingereza, mwaka 1772. Shajara ilichapishwa 1774, na mwaka 1776 mkutano mkuu wa Marafiki wa Philadelphia ukakataza waumini wake kumiliki watumwa. Kwa hiyo Burtt na Armitage waliposhuka Pemba, nyuma yao kulikuwa na zaidi ya miaka mia moja ya watu waliosoma daftari la fundi cherehani mmoja aliyesumbuliwa na karatasi aliyoiandika mwenyewe.

Naanza na Woolman kwa sababu mafundisho mengi ya siku hizi kuhusu shajara ya rohoni huahidi utulivu: andika, upate amani, ulale vizuri. Amani yaweza kuja. Ila daftari la Mkristo lina kazi kubwa kuliko hiyo, nayo ni kukuonyesha, kwa mwandiko wako mwenyewe, mahali ambapo imani yako na matendo yako vimeachana. Anayetafuta utulivu peke yake atalichoka daftari mapema, maana siku ya kwanza litakapomsema atalifunga.

Pemba ina watu zaidi ya nusu milioni na Wakristo ni wachache mno kati yao. Wapo waliozaliwa hapa katika familia za misheni za zamani. Wengi ni watu wa kazi: mwalimu aliyepangiwa Micheweni, muuguzi, askari, mfanyabiashara aliyevuka na meli hadi Mkoani. Ibada ya Jumapili yaweza kuwa safari ya daladala, na siku za katikati ya wiki hakuna jumuiya ya jirani ya kugongea mlango kama mtu alivyozoea Mwanza au Iringa. Katika upweke huo daftari ni msaada mkubwa, mradi lisigeuke kanisa la mtu mmoja. Ukiona umeacha kwenda ibadani kwa kuwa "naandika nyumbani", funga daftari upande gari.

Tuanze na vifaa, kwani Pemba hewa yake ina unyevu na masika yake hayana mchezo. Chukua daftari la kushonwa uzi, lenye jalada gumu. Yale ya kubandikwa gundi huachia kurasa mapema. Kuhusu kalamu, David Livingstone ametuachia funzo. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe katika Kongo ya mashariki, aliishiwa karatasi na wino. Akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino alioutengeneza kwa matunda ya porini, na humo akaandika mauaji aliyoyaona sokoni Nyangwe Julai mwaka ule. Wino ukafifia hata maneno yasionekane. Ilibidi wataalamu wa karne hii wazipige kurasa picha kwa mianga ya rangi mbalimbali ndipo zisomeke tena, na matokeo yakatangazwa 2011. Wewe hutapata wataalamu hao. Tumia penseli, ambayo haiogopi maji wala haififii, au kalamu ya kawaida ya wino mzito, ile ya wanafunzi. Zile za wino mwepesi zinazoteleza vizuri huchuruzika zikiguswa na tone moja. Hifadhi daftari ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, juu ya rafu, mbali na ukuta unaotoa jasho na mbali na sakafu yenye mchwa. Mara mojamoja lianike kivulini lipate upepo. Jua kali huikausha karatasi ikakatika.

Na simu? Inafaa kwa asiyeweza kuficha daftari nyumbani, au anayeandika akiwa safarini. Ila simu ya Pemba huazimwa, hupotea baharini, huuzwa ikiwa na kila kitu ndani. Ukiandika humo, weka neno la siri kwenye programu yenyewe, mbali na lile la kufungulia simu, na hakikisha nakala inahifadhiwa kwenye akaunti ambayo wewe peke yako unaiingia. Mimi napendelea karatasi. Simu haikuachi na Mungu dakika tano kabla haijalia.

Sasa uandike nini? Weka tarehe na mahali. Andika andiko ulilosoma, sura na aya tu, bila kulinakili lote. Kisha jambo moja lililotokea, na mwisho unachomwomba Mungu au unachomshukuru. Mistari sita yatosha. Kinachoharibu madaftari mengi ni lugha ya mimbarini: mtu anaandika kwamba Bwana amemfundisha unyenyekevu na upendo, akageuza ukurasa. Baada ya miezi mitatu hakumbuki unyenyekevu ule ulihusu nini. Linganisha na hili, nililolitunga kwa mfano wa mtu mwenye shamba wakati wa karafuu:

"Jumanne, 12 Agosti. Wete. Luka 19:1–10. Wachumaji watatu wananidai pishi za wiki iliyopita. Nimewaambia karafuu hazijakauka, na kweli zipo jamvini. Lakini fedha ninayo, nimeiweka ndani ya bati. Nimesoma habari za Zakayo nikaruka aya ya nane haraka. Bwana, nitawalipa kesho kabla ya saa nne."

Huyu hakutaja neno unyenyekevu. Ameandika bati, jamvi, saa nne, na hata ujanja wa jicho lake lililoruka aya. Kesho yake saa nne ikipita, daftari litakuwa shahidi. Hiyo ndiyo njia ya Woolman: tendo, jina la tendo, na hatua inayofuata.

Anayekosa pa kuanzia jioni anaweza kufuata utaratibu wa Ignatius wa Loyola, ambaye mazoezi yake ya kiroho yaliidhinishwa na Papa mwaka 1548 na bado yanatumiwa na Wakatoliki na wengine wengi. Unamshukuru Mungu kwa mema ya siku, unaomba mwanga wa kujiona, unaipitia siku saa kwa saa, unaomba msamaha, unaiangalia kesho. Ignatius alikuwa na zoezi jingine ambalo wengi hawalijui: uchague kasoro moja tu, uchore mstari kwa kila siku ya juma, na kila ulipoteleza utie nukta juu ya mstari. Mwisho wa juma unalinganisha na juma lililotangulia. Kwa hasira, uongo mdogomdogo au kuchelewa kazini, zoezi hili ni kali kuliko insha ya kurasa mbili, na asiyependa kuandika sana huliweza.

Kuna majira ambayo hata mistari sita haitoki. Msimu wa karafuu nyumba nzima huwa shambani tangu alfajiri, jioni ni kuchambua makonyo mpaka macho yafumbe. Mjamzito, mwenye mtoto mchanga, askari wa zamu ya usiku, wote wana miezi yao. Siku hizo andika tarehe na sentensi moja. Askofu James Hannington alishikwa Busoga Oktoba 1885 akiwa njiani kwenda Buganda, akafungiwa kwenye kibanda, mgonjwa wa homa. Kila siku aliandika mistari michache katika kitabu kidogo. Siku ya mwisho, 29 Oktoba, alitaja kwamba hana habari yoyote, kwamba Zaburi ya 30 imemtia nguvu, na kwamba fisi alilia karibu naye usiku. Siku hiyo hiyo akauawa. Kitabu kikapatikana baadaye na kuchapishwa. Fisi na Zaburi vikae mstari mmoja: asitokee mtu akakwambia kwamba mambo ya roho yaandikwe peke yake na ya mwili yafichwe.

Lugha isikutishe. Andika kama usemavyo, Kipemba chako na kila kitu. Vijana wa chuo cha misheni cha Kiungani, Unguja, wengi wao wakiwa wametolewa utumwani, waliandika maisha yao kwa Kiswahili, na mmisionari A. C. Madan akazitafsiri habari hizo katika kitabu kilichotoka 1887. Mwaka 1888 chuo kilianza kutoa jarida la Kiswahili, Msimulizi. Wale hawakungoja wawe wasomi.

Kwenye suala la siri nataka tukae kidogo, kwa sababu Pemba ni ndogo na kila mtu ana anayemjua. Nyumba za kupanga zina kuta nyembamba, watoto huingia chumbani bila hodi, mgeni hukaribishwa mpaka ndani. Daftari litasomwa siku moja na mtu usiyemtaka. Liandike ukilijua hilo. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliandika shajara zake za siri kwa alama na vifupisho, na bado wataalamu wa karne ya 20 walizifumbua. Kwa hiyo alama peke yake si kinga. Kinga ya kweli ni kuamua tangu mwanzo kwamba daftari ni la kuungama dhambi zako, na dhambi za wenzako hazina makao humo. "Nimemkasirikia mtu wa nyumbani" yatosha; Mungu anamjua ni nani. Kosa la mwenzi wako, siri aliyokuambia rafiki, aibu ya familia ya jirani, vyote hivyo vikisomwa vinavunja nyumba, na aliyeviandika ndiye atakayeulizwa.

Muuguzi asiandike mgonjwa wala ugonjwa wake, hata bila jina, maana kijijini "mama aliyejifungua pacha Jumatatu" tayari ni jina. Mwalimu na mwanafunzi wake hivyo hivyo, na askari na jalada lake. Andika ulichohisi na ulichoomba, kisha acha kisa chenyewe kazini kilikotoka.

Na majirani Waislamu. Mkristo wa Pemba anaishi kwa wema wao kila siku: futari ya Ramadhani iliyoletwa kwa sahani iliyofunikwa, kijana aliyembebea mzigo kutoka bandarini, mama wa jirani aliyekaa na mgonjwa wake. Mengi ya hayo yanastahili kuandikwa chini ya shukrani. Siku ukikwaruzana na mtu, usiandike habari za dini yake wala usifanye kosa la mmoja kuwa tabia ya wote. Kwanza ni dhambi ya ulimi iliyohamia kwenye kalamu. Pili, karatasi ya namna hiyo ikiokotwa inaweza kuwasha moto ambao hutauzima.

Kuandika ni nusu ya kazi, na kwa maoni yangu ni nusu nyepesi. Watu wengi wana madaftari manne yaliyojaa ambayo hawajayafungua tangu siku ya kufikia ukurasa wa mwisho. Hesabu sura ya 33 inasema Musa aliandika vituo vya safari ya Israeli kwa amri ya Bwana, na sura yenyewe inachosha kuisoma: walisafiri kutoka hapa, wakapiga kambi pale. Faida yake inaonekana unapovisoma vituo vyote kwa pamoja, ukaona watu hao walikotolewa na walivyozunguka. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini, karibu na mwisho wa maisha yake, mwaka 426 na 427, alikaa chini kuvipitia vitabu vyake vyote kimoja kimoja, akiandika mahali alipokosea na mahali angesema vingine. Alikuwa askofu mwenye sifa dunia nzima, na hilo halikumzuia kujirekebisha hadharani.

Kwako wewe, panga siku nne kwa mwaka za kusoma nyuma. Mwanzo wa Kwaresima ni siku nzuri, na msimu wa karafuu ukimalizika ni nyingine, kwa kuwa fedha imeshapita mkononi na mambo yake bado mabichi. Soma ukiwa na penseli ya rangi nyingine. Tafuta ombi linalojirudia: huenda umeomba kazi mara kumi na hujapeleka barua hata moja. Tafuta mtu anayetajwa kila mara kwa hasira. Tafuta ahadi zenye saa na siku, kama ile ya saa nne, na uweke alama kwa zilizotimia. Tafuta pia mambo uliyoyalilia miezi sita iliyopita ambayo leo hata huyakumbuki. Hayo yanafundisha zaidi kuhusu hofu kuliko hotuba nyingi. Pembeni andika tarehe ya kusoma na neno moja au mawili. Usifute wala kuchana ya zamani. Ukurasa unaokuaibisha ndio uliokuwa na kazi.

Sauti inayozungumza daftarini yaweza kuwa yako tu. Wale wa Jamii ya Marafiki walilijua hili. Shajara zao hazikuchapishwa mpaka zisomwe na wazee wa kanisa, na mtu aliyesema ameongozwa na Roho kufanya jambo zito alilipeleka kwanza kwenye mkutano lipimwe. Ukiandika kwamba Mungu amekuambia uache kazi, uvunje uchumba au umtolee mtu fedha zako zote, usichukue hatua kwa ushahidi wa mwandiko wako. Mpelekee padri, mchungaji au Mkristo mzee unayemwamini, na umsomee ukurasa huo mmoja. Daftari zima halimhusu.

Pia, ukisoma nyuma ukakuta wiki baada ya wiki umeandika kwamba hutaki kuishi, au kwamba unapigwa, hapo maombi yaende pamoja na miguu. Nenda hospitali. Kwa ukatili na udhalilishaji, hospitali za Zanzibar zina vituo vya Mkono kwa Mkono ambako mtu hupata tiba, ushauri na polisi mahali pamoja. Kurasa zenye tarehe zinaweza hata kukusaidia kueleza yaliyotokea.

Madaftari hupotea. Maji huingia, mtoto huchana, meli huteremsha begi lisilo lako. Yeremia sura ya 36 ina kisa cha mfalme Yehoyakimu aliyekata gombo la nabii kwa kisu kipande baada ya kipande, akalitia motoni. Yeremia na mwandishi wake Baruku wakachukua gombo jingine, wakaandika yote upya, na maneno mengine yakaongezwa. Ukipoteza lako, nunua jingine kesho, na kwenye ukurasa wa kwanza andika yale unayoyakumbuka. Yatakayokuja bila kuvutwa ndiyo yaliyokuwa na uzito.

Mwisho, amua mapema madaftari yaende wapi wewe ukiondoka, iwe kwa uhamisho wa kazi au kwa kifo. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola Septemba 1961, hakuwa akijulikana na wengi kama mtu wa sala. Nyumbani kwake New York zilikutwa karatasi zake za faragha za miaka mingi pamoja na barua kwa rafiki yake, ikimwachia uamuzi wa kuzichapisha. Wewe huhitaji barua ndefu. Ndani ya jalada andika mstari mmoja, kwa jina kamili la mtu: apewe fulani, ayasome, au apewe fulani, ayachome bila kusoma. Kisha umwambie mtu huyo leo, kwa mdomo, maana asiyejua kwamba daftari lipo hatalitafuta, na wapangaji wapya watalikuta juu ya rafu.